Nyota isiyoonyesha chuma

Tanga, 12 Juni

Kwa rafiki yangu Saida,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Umeniuliza kama zile nyota za kwanza kabisa bado zipo angani. Swali lako limenikaa moyoni, basi nivumilie.

Za kwanza zenyewe hazijaonekana hata moja. Zilizozifuata ndizo zipo. Ulimwengu ulianza na hidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo sana. Kaboni, kalsiamu, chuma, vyote ambavyo wanaastronomia huviita metali, vilipikwa baadaye ndani ya nyota, vikatawanyika zilipokufa. Kwa hiyo nyota yenye metali kidogo mno ilizaliwa mapema, na ikiwa nyepesi kuliko Jua, huungua polepole hata ikamaliza miaka zaidi ya bilioni 13.

Jinsi wanavyozisaka ndiko kunakonifurahisha. Kalsiamu hunyonya mwanga wa zambarau, wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 393. Darubini ya SkyMapper, iliyoko Siding Spring nchini Australia, ina kichujio kinachopitisha zambarau hiyo. Nyota yenye kalsiamu nyingi hufifia hapo. Maskini wa metali hung'aa. Wakishaitilia shaka, huipeleka kwenye darubini kubwa, mwanga wake ukatandazwa katika rangi zake, na mistari ya giza inayoachwa na kila elementi ikachambuliwa mmoja mmoja.

Ndivyo mwanaastronomia Stefan Keller na wenzake walivyoipata nyota iitwayo SMSS 0313-6708, wakaitangaza mwaka 2014. Waliipima kwa darubini ya Magellan, Chile, yenye kioo cha mita 6.5. Kaboni waliiona, magnesiamu na kalsiamu kidogo pia. Mstari wa chuma haukutokea kabisa! Chuma chake, kama kipo, hakifiki hata sehemu moja katika milioni 10 ya kile cha Jua. Maelezo yao ni kwamba gesi iliyoizaa ilitiwa metali na nyota moja tu, yenye uzito wa takriban Jua mara 60. Ilipolipuka, mlipuko ulikuwa hafifu. Chuma cha kiini kikamezwa na shimo jeusi, kaboni ya tabaka za juu ikaponyoka. Saida, kifo ambacho hakikushuhudiwa na yeyote kinajulikana kwa sababu ya kitu kilichokosekana! Sijui elimu nyingine inayonigusa hivi.

Hiyo hatuwezi kuiona sisi. Ila ipo nyota nyingine, HD 140283, katika kundi la nyota la Mizani, kati ya makundi ya Nge na Mashuke, umbali wa miaka ya nuru kama 200. Chuma chake ni kama sehemu moja kwa 250 ya kile cha Jua, na mwaka 1951 wanaastronomia Chamberlain na Aller waliitaja miongoni mwa nyota za mwanzo kuonyeshwa kuwa na upungufu huo. Macho matupu hayaioni, lakini darubini ndogo ya mkono inatosha. Mwezi huu hupita karibu na utosi wetu kati ya saa nne na saa tano usiku. Huko kwenu Pangani taa ni chache kuliko huku, kwa hiyo nakuja Ijumaa ya usiku wa giza, na ramani ya nyota nitaichukua mimi. Mwombe kaka yako ile darubini yake.

Wako,
Mwanaisha