Malalamiko kuhusu pawa saplai ya badala iliyotumwa bila kebo zake

Mombasa,
14 Machi 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Kwa Bwana au Bibi,

KUH: MAAGIZO YA IDARA YA DHAMANA YALIYOUNGUZA DISKI ZA MTEJA

Ninaandika kulalamikia maagizo niliyopewa kwa maandishi na idara yenu ya dhamana, ambayo yaliunguza diski mbili za mteja wangu, na pia kulalamikia jibu mlilonipa baada ya hapo. Jibu hilo linanitia wasiwasi kuliko hasara yenyewe, kwa sababu mteja mwingine anaweza kupewa ushauri huo huo leo hii.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuunda kompyuta za mezani za watu wanaohariri video za harusi na matangazo. Mwaka jana nilinunua kwenu pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 750, ya aina ambayo kebo zake zote huchomolewa pande zote mbili. Feni yake ilipoanza kukwama nikairudisha ndani ya muda wa dhamana, na kama mlivyoagiza, niliirudisha peke yake bila kebo. Mlichonitumia badala yake ni modeli nyingine ya chapa ile ile, ndani ya kasha lisilo na kebo hata moja, pamoja na barua pepe iliyosema niendelee kutumia kebo nilizobaki nazo kwa kuwa konekta zote, yaani vichwa vya kebo vinavyochomekwa, ni za kiwango cha ATX.

Kauli hiyo ni kweli kwa upande mmoja tu wa kebo. Kiwango cha ATX kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, pamoja na miongozo iliyokifuata, huamua umbo na mpangilio wa konekta zinazoingia kwenye vipuri vya kompyuta. Konekta ya ubao mama, iliyoanza na pini 20 na sasa ina pini 24, ina nafasi maalumu ya kila waya: wa rangi ya chungwa hubeba volti 3.3, mwekundu volti 5, wa njano volti 12, mweusi ni graundi (njia ya umeme kurudi, yenye volti sifuri), na wa kijani ndio unaounganishwa na graundi ili pawa saplai iwake. Nafasi hizo hazibadiliki hata pale mtengenezaji anapoamua kuzivisha nyaya zote rangi nyeusi. Lakini upande wa pili wa kebo, ule unaochomekwa kwenye pawa saplai yenyewe, hauna kiwango chochote cha pamoja. Kila mtengenezaji hupanga pini zake apendavyo, na kwa kuwa chapa nyingi huagiza bidhaa zao kutoka viwanda tofauti, modeli mbili zenye nembo moja zinaweza kuwa na mpangilio usiolingana hata kidogo. Fundi anayeshika bidhaa hizi anategemea muuzaji amwambie kebo ipi ni ya modeli ipi. Hakuna namna ya kulijua hilo kwa kuitazama soketi.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kompyuta ya mteja wangu. Kebo ya SATA, yaani ile inayopeleka umeme kwenye diski, ya pawa saplai ya zamani iliingia bila shida kwenye soketi ya pini 6 ya ile mpya, na kishikizo chake kikajifunga kama inavyotakiwa. Kompyuta ilipowashwa, SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) na diski kuu zilikufa papo hapo. Nilichomoa kila kitu, nikaiwasha pawa saplai ikiwa peke yake, kisha nikapima kwa multimita, kifaa cha kupimia volti, kwenye konekta ya SATA. Konekta hiyo ina pini 15, tatu kwa kila volti kati ya 3.3, 5 na 12, na zilizobaki ni za graundi. Pini zinazopaswa kutoa volti 5 zilikuwa zinatoa volti 12. Vipimo hivyo nilivipiga picha na nimeviambatanisha na barua hii, pamoja na barua pepe yenu.

Katika jibu lenu mlidai kwamba pawa saplai ina kinga dhidi ya volti kupanda, dhidi ya mzigo kupita kiasi na dhidi ya shoti, na kwamba kama kosa lingekuwa lenu ingejizima yenyewe. Naomba mafundi wenu walitafakari dai hilo upya. Kinga hizo huangalia umeme unaotoka ndani ya pawa saplai, na ndani yake hakukuwa na hitilafu yoyote: volti 12 zilikuwa volti 12, na mkondo uliotoka ulikuwa mdogo. Pawa saplai haina njia ya kujua kwamba kebo isiyo yake imeupeleka umeme huo kwenye njia ya volti 5. Diski haina uwezo wa kustahimili hali hiyo, nayo ndiyo iliyoungua kabla ya kinga yoyote kuwa na sababu ya kufanya kazi.

Mlisema pia kwamba huenda nilichomeka konekta vibaya. Konekta ya SATA ina umbo la herufi L na haiingii kinyume bila kuvunjwa, na soketi niliyoitumia kwenye pawa saplai ilikuwa na maandishi ya SATA. Hakuna nafasi ya kuchomeka vibaya hapo. Kebo yenyewe ndiyo haikuwa ya kifaa hicho, na ninyi ndio mlioniagiza niitumie.

Jambo la pili ninalolalamikia ni karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya kasha. Inaonyesha picha ya kebo ya prosesa na ya kadi ya michoro, na chini ya zote mbili imeandikwa pini 8, basi. Kwa mtu anayeunda kompyuta yake ya kwanza, karatasi hiyo ni mtego. Konekta ya prosesa, ambayo kwa kawaida hugawanyika nne kwa nne, ina pini nne za volti 12 na nne za graundi. Ile ya kadi ya michoro, ambayo kwa kawaida hugawanyika sita kwa mbili, ina pini tatu za volti 12 na tano za graundi, na pande zake zimepangwa kinyume na za prosesa. Anayelazimisha moja mahali pa nyingine anakutanisha volti 12 na graundi. Vitundu vya plastiki vimetengenezwa kwa maumbo tofauti, vingine vya mraba na vingine vyenye pembe zilizoviringwa, ili kuzuia jambo hilo, lakini mgeni wa kazi hii anapoona konekta inagoma huongeza nguvu, maana karatasi yenu imemwambia kuwa zote ni pini 8. Mistari miwili ya maelezo, na afadhali iwe kwa Kiswahili pia, ingetosha kumwepusha na balaa hilo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Habari niliyopewa nanyi ilikuwa kinyume cha ukweli, na hasara iliyofuata iko mbele yenu kwa picha na vipimo.

Kwa hiyo naomba mnilipe gharama ya diski zote mbili pamoja na ya kujaribu kuokoa kazi za mteja zilizokuwa ndani yake, na mnitumie seti kamili ya kebo zilizotengenezwa kwa modeli niliyo nayo sasa. La muhimu zaidi kuliko fidia yangu, naomba mwaandikie wateja wote waliopewa pawa saplai za badala bila kebo, mkiwataka wasiziwashe kwa kebo za zamani mpaka mtakapothibitisha kwamba zinalingana, na muiondoe kauli ile kwenye majibu ya idara ya dhamana. Wengi wao si mafundi na hawana multimita.

Nitasubiri jibu lenu la maandishi kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitawasilisha malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pamoja na viambatisho vyote.

Wako mwaminifu,

Fundi wa kompyuta,
Mombasa.

Viambatisho: picha za vipimo, nakala ya barua pepe ya idara ya dhamana, nakala ya risiti.