Waliookoa wenzao mafunzoni nao ni mashujaa

Ndugu Mhariri,

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi akaweka sime, na mimi, mwanajeshi mstaafu wa hapa Moshi, hufuatilia hadi mwisho. Naomba nafasi niwasemee ambao sisikii wakitajwa siku hiyo: waliookoa wenzao mafunzoni, nchi ikiwa na amani.

Asiyewahi kurusha bomu la mkono hawezi kujua uzito wa jambo hili. Ukishachomoa pini na kuliachia, una sekunde nne, zikizidi tano. Mafunzoni kwetu kuruta mmoja alirusha chini mno. Bomu likagonga ukingo wa handaki, likarudi miguuni pake, naye akaganda. Mkufunzi aliyekuwa pembeni hakupiga hata kelele. Alimshika mkanda, akamrusha ng'ambo ya ukuta wa magunia ya mchanga, akamlalia. Vumbi lilipotulia tulimkuta afande akimpapasa kijana mikono na miguu kutafuta jeraha, na huku sikio lake mwenyewe linavuja damu. Jioni tulipanga foleni ya ugali kama kawaida. Hakupewa hata barua ya pongezi.

Wapo wanaosema alitimiza wajibu. Sikubaliani nao kabisa! Wajibu wake ulikuwa kufundisha. Hakuna aliyemwamuru aufanye mgongo wake ngao ya mtoto wa mtu.

Wenzetu wanalitambua hili. Marekani ina nishani ya Soldier's Medal tangu 1926, kwa ushujaa usiohusu kupambana na adui. India ina nishani ya Ashoka Chakra. Uingereza mwaka 1942, kwenye mafunzo ya Home Guard, jeshi la raia wa kujitolea, Luteni William Foster alilalia bomu lililorudi namna hiyohiyo. Alikufa, wenzake wakapona, akatunukiwa nishani ya ushujaa ya George Cross.

Vijana wetu wanapita kwenye mafunzo ya kijeshi ya Oljoro na Monduli miaka yote. Naliomba Jeshi, siku ya kufunga mafunzo, wazazi wakiwa wamekaa pale, lisome jina la yeyote aliyemwokoa mwenzake. Viongozi wa Arusha na Kilimanjaro nao wawaalike watu hawa Julai 25 na kuwapa viti vya mbele. Nawe Mhariri, watume waandishi wako wawatafute. Wengi ni wazee sasa, wako kwenye migomba yao huko Kibosho na Marangu, na hata wajukuu zao hawajui.

Mwanajeshi mstaafu,
Moshi