Baiskeli ya resi ya zamani haipimwi kwa stika

Mhariri,

Raleigh na Peugeot za resi za miaka ya 1970 na 1980 zikitokea kwenye mitumba, muuzaji hutaja jina na mnunuzi hutazama rangi. Bei haiko kwenye hivyo viwili.

Anza na shingo. Pitisha kidole upande wa chini wa bomba la chini, sentimita chache kutoka linapoungana na shingo ya usukani. Ukigusa kituta, au rangi imepasuka kwa mistari ya kukingama, hiyo baiskeli iligonga kitu uso kwa uso na foko, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ikarudi nyuma. Fremu hiyo ihesabu kuwa haipo, lipia vipuri tu.

Kisha legeza boliti ya siti ujaribu kuizungusha siti yenyewe. Ikigoma, nguzo ya siti ya aluminiamu imeshikana na bomba la chuma, na huku pwani chumvi huharakisha ugonjwa huo. Wengi huitwanga nyundo mpaka sikio la fremu linaloibana nguzo linapasuka. Shina la usukani nalo lijaribu vivyo hivyo. Kimojawapo kikiwa kimeganda, bei ishuke sana, maana huwezi kujua kazi ya kukitoa itaishia wapi.

Nguzo ya siti ikichomoka, soma kipenyo chake. Fremu ya Kiingereza ya Reynolds 531, bomba la chuma chepesi linalotajwa kwenye stika, iliyopunguzwa unene katikati ya mabomba kwa kawaida huchukua 27.2 mm. Ukikuta 26 na kitu, mabomba huenda ni mazito zaidi, hata stika iseme nini. Stika mpya inauzwa, kipenyo hakiuzwi. Ila Peugeot msiionee: bomba la siti la Kifaransa la enzi hizo ni 28 mm kwa nje, si 28.6 kama la Kiingereza, ndiyo maana modeli yao ya PX-10, baiskeli nzuri kabisa, huchukua 26.4.

Hao Wafaransa wana balaa lao kwenye ekseli ya pedali. Hesi yao ya zamani ni kipenyo cha 35 mm na nafasi ya 1 mm kati ya meno, ya Kiingereza ni inchi 1.37 na meno 24 kwa kila inchi. Fundi akilazimisha kikombe cha Kiingereza kinachoshika ekseli hiyo, meno ya fremu yanaliwa.

Magurudumu: ringi ya inchi 27 ina kipenyo cha 630 mm pale tairi inapokaa, ya saizi ya 700C ni 622, na tairi zake haziazimani. Ringi za chuma cha kromu hazishiki breki mvua ikinyesha. Za aluminiamu zina thamani zaidi.

Ukiambiwa vipuri ni vya tangu kiwandani, geuza mkono wa gia wa Shimano, ule unaohamisha mnyororo, utafute herufi mbili nyuma yake. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976. Ya pili ni mwezi. GC ni Machi 1982. Fremu ya 1977 haikuzaliwa nayo.

Na wauzaji, tafadhali, msipige rangi. Mkwaruzo kwenye rangi ya asili hupunguza kidogo; rangi ya kopo hufuta chapa, huficha nyufa, na mnunuzi anayejua huondoka bila hata kuuliza bei.

Fundi baiskeli,
Tanga