Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Anzia kwenye ushahidi, si kwenye adhabu

Mheshimiwa Waziri,

Mtu akikatwa panga huku Tanga, kilio mitaani ni kilekile: adhabu iongezwe. Tunakuomba usianzie hapo. Unyang'anyi wa kutumia silaha tayari una kifungo kisichopungua miaka 30. Wahalifu wanaachiwa kwa sababu ushahidi ulichukuliwa ovyo tangu siku ya kwanza.

Unyang'anyi ukitokea usiku, kesi nzima hubebwa na utambuzi. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani inataka shahidi aeleze mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, alikuwa umbali gani na mshambuliaji, alimwona kwa muda gani, na kama alimfahamu kabla. Lakini maelezo ya polisi mara nyingi huishia "nilimtambua kwa mwanga wa taa". Taa gani? Kibatari na balbu ya barazani si kitu kimoja. Shahidi akija kuyaeleza hayo kizimbani miezi kadhaa baadaye, wakili wa utetezi anamwonyesha maelezo yake ya kwanza, na hapo kesi imekwisha. Na kama alimfahamu mhalifu lakini hakumtaja mapema, mahakama itamtilia shaka, na ina haki.

Halafu kuna PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha. Majeruhi anashonwa, fomu inaandikwa "jeraha kichwani", basi. Urefu, kina, mfupa umepasuka au la, kitu chenye makali au butu: hakuna. Sheria inatenganisha madhara ya kawaida na madhara makubwa, na tofauti yake ni miaka mingi gerezani. Hakimu hawezi kuikisia. Hata fomu iliyojazwa vizuri inaweza kukosa nguvu mahakamani. Hakimu asipomweleza mshitakiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe kuulizwa maswali, au fomu hiyo isiposomwa kwa sauti baada ya kupokelewa kama kielelezo, kwenye rufani inaondolewa. Aliyeumizwa hakukosea lolote, lakini yeye ndiye anayebeba hasara.

Tunaomba karatasi ya maswali ya utambuzi kwa Kiswahili katika kila kituo, kuanzia Kilindi hadi Mkinga. PF3 yenye mchoro wa mwili na nafasi ya vipimo. Na maneno ya kumweleza mshitakiwa haki yake yachapwe tayari kwenye fomu ya mwenendo wa kesi. Gharama yake ni uchapaji na mafunzo.

Adhabu za lazima nazo zitazamwe. Aliyetishia kwa kisu akachukua simu na genge lililokata watu mapanga wote wanaanzia miaka 30. Kwa mauaji ya kukusudia, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha ilishaamua Novemba 2019, katika shauri lililotoka hapa nchini, kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Tume ya Rais ya haki jinai nayo iliwasilisha ripoti yake Julai 2023. Tunaomba muswada wa marekebisho upelekwe bungeni, na tarehe yake itangazwe.

Wasaidizi wa kisheria,
Tanga