Hilux inakula mafuta? Pima kwanza, nozeli baadaye

"Mmenitoza elfu sabini na hamjafunga hata spea moja."

Lawama hii inarudi gereji kwetu karibu kila mwanzo wa mwezi, Jumatano ya kwanza, EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, ikishatangaza bei mpya na wenye pickup za dizeli wakakaa kupiga hesabu. Safari hii ilikuwa Hilux Vigo ya injini ya 2KD, lita 2.5. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa huko alikotoka kwamba nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zimekufa. Hazikuwa zimekufa. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limeshikwa na breki, basi. Waya wa hendibreki ukalegezwa, ngoma ikasafishwa, funguo zikarudi kwa mwenyewe. Akajiona ameibiwa kwa sababu hakuondoka na boksi la spea mkononi. Nozeli nne ambazo hakuzinunua hakuziweka kwenye hesabu.

Basi tueleze hiyo elfu sabini inakwenda wapi.

Kwanza tunataka kujua kama gari kweli linakula. "Ya laki siku hizi hainifikishi" si kipimo, maana bei ikipanda lita za laki zinapungua. Jaza tenki mpaka pampu ya sheli ikate yenyewe, usiongezee hata tone, andika kilomita. Tembea angalau nusu tenki, rudi sheli ile ile, jaza tena mpaka ikate. Ukitembea kilomita 540 na zikaingia lita 62, umepata 8.7 kwa lita. Rudia mara ya pili, kwa sababu mara moja inadanganya.

Hapo hapo tunasoma maandishi ya tairi. Gari lililotoka na 265/65R17 likifungwa 285/70R17, tairi linakuwa kubwa kwa kama asilimia 7, na dashibodi haijui. Inaandika 500 wakati umetembea 535. Kuna Vigo iliwahi kuzungushwa gereji tatu kwa ajili hiyo tu. Tairi kubwa nalo ni zito na linaongeza ulaji, hilo halina ubishi, lakini sehemu ya "ulaji" ule ilikuwa kwenye mita.

Kisha gari linatoka barabarani kilomita kama kumi, breki zikiguswa pale tu inapobidi. Likirudi, kila rimu inapimwa joto. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, jeki inaingia na tairi linazungushwa kwa mkono. Mbele kwenye hizi za 4x4 kila kalipa, ile inayobana pedi za breki, ina pistoni nne, na mpira wa vumbi ukichanika pistoni moja inapata kutu na kuganda. Tafadhali msipake grisi ya kawaida humo. Inavimbisha mpira, na mwezi unaofuata zimeganda mbili.

Sasa thamostati, valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kuitoa ndiyo njia ya mkato inayotuudhi kuliko zote. Gari limechemsha, fundi anafungua, anaitoa thamostati, anaitupa, anasema "huku kwetu joto, haihitajiki". Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Ikiondolewa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaamini gari bado la baridi na inaendelea kuongeza dizeli, oili nayo inabaki nzito. Wa Njombe na Mafinga wanaliona hili haraka kuliko wa Dar. Na kuchemsha kwenyewe hakuponi: thamostati hii ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya pembeni injini ikishapata moto. Ikitolewa, sehemu ya maji inajizungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani ukiwa na mzigo mshale unapanda vile vile. Kuijua ni rahisi. Washa gari likiwa limelala usiku kucha, shika bomba la chini la rejeta. Linatakiwa kubaki baridi mpaka injini ipate moto wake, halafu lipate joto kwa ghafla. Likianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, ndani hamna kitu, au kipo kimekwama wazi.

Filta ya hewa hatuisemi sana. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Kompresa ya mziba pancha inatoboa karatasi, na vumbi linalopita hapo linakula mapanga ya turbo. Kwa gari lenye intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, angalia maungio ya mipira yake: palipolowa oili, hewa inavuja, na ukipanda mlima utaona moshi mweusi nyuma. Moshi huo ni dizeli uliyoilipia.

Nozeli zinakuja baada ya hayo yote. Injini ikiwa na moto kamili, AC imezimwa, ikinguruma bila kukanyagwa, mashine ya kusomea kompyuta ya gari inaonyesha marekebisho ya dizeli ambayo kompyuta inampa kila silinda. Tunataka kila moja iwe ndani ya 3, juu au chini ya sifuri. Inayokaribia 5 ina ugonjwa, na si lazima ugonjwa uwe wa nozeli. Kompresheni hafifu ya silinda hiyo inatoa picha ile ile, kwa hiyo nayo inapimwa. Mara nyingi ni moja au mbili zilizochoka. Mtu anayekuuzia nne kwa kusikiliza mlio wa injini anakuuzia mlio.

Wateja hujaribu kuokoa hela hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nozeli za mtumba. Nozeli ya Denso ya injini hizi ina namba ndefu iliyoandikwa kichwani, inayoieleza kompyuta tabia ya nozeli hiyo, na namba hiyo inatakiwa kuingizwa kwa mashine. Ukifunga bila kuiingiza, kompyuta inaipimia mgeni dozi ya marehemu. Gari linagonga, linatoa moshi, linakula zaidi ya lilivyoingia. Njia ya pili ni kuzisugua kwa brashi ya waya na petroli. Matundu ya ncha hayafiki hata robo ya milimita. Brashi inayachimba, dizeli inatoka kama mkojo badala ya ukungu.

Na kila nozeli ikitolewa, washa za shaba, zile pete za kuziba chini yake, zinakuwa mpya. Hatujadiliani juu ya hilo, hata mteja akikasirika. Washa ya zamani ikivuja, moto wa silinda unapeleka masizi kwenye oili, yanaganda na kuziba chujio kilicho ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini inakufa kwa kukosa oili wakati sampu imejaa. Injini ya 3.0, ile 1KD, inajulikana sana kwa hili. Tena bomba la marejesho la nozeli hizi limepita chini ya kava la juu la injini. Likivuja, chini ya gari hutaona tone. Dizeli inashuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikipanda badala ya kushuka na kijiti kikanuka dizeli, usiendelee kuendesha.

Kuhusu dizeli ya madumu ya pembeni mwa barabara: mafuta yanawekewa vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambua, tangu 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, yote kwa sababu ya uchakachuaji, yaani dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa. Pampu na nozeli hazina oili nyingine zaidi ya dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Lita yake pia ina nguvu pungufu kidogo kuliko ya dizeli, kwa hiyo hata kabla pampu haijafa, kilomita zimeshapungua.

Wanaotaka tuzibe EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, kwa kipande cha bati ili "gari livute": likiwa na masizi tunaisafisha na kuangalia kama valvu inafunga. Bati tunakataa.

Lipo na jambo lisilotuingizia senti. Kutoka 80 kwenda 110 kwa saa, ukinzani wa upepo unakaribia kuwa mara mbili, na keria tupu juu ya bodi inauongeza. Tunakwambia bure, ukikataa kuishusha ni keria yako.

Ukitaka kupimwa, lete gari jioni lilale hapa, ili asubuhi tulikute la baridi kwa ajili ya thamostati. Uje na hesabu ya kujaza mara mbili iliyoandikwa kwenye karatasi. Kazi ikifanyika kwetu, hela ya kupima inakatwa kwenye bili.