Zuhura, maji yake ni ya baridi

Mwanangu Zuhura,

Salamu za hapa atakupa shangazi yako kwa simu. Mimi nina haraka, basi linaondoka alfajiri na mzigo bado sijaufunga.

Picha ya samaki wako nimeiona. Mkia umelika kingoni kama khanga iliyoungua kwa pasi. Hayo ni mapezi kuoza. Uchafu wa maji ndio huanza, baridi inamalizia. Iringa, Julai, bakuli liko sakafuni kwenye saruji! Samaki huyu wa beta kwao ni mabonde ya mpunga ya Thailand, anataka nyuzi 25 hadi 28. Hela ya kipimajoto nilikutumia. Iko wapi? Najitapa kwa majirani kwamba mwanangu anasomea ualimu wa sayansi, kumbe mwalimu mwenyewe anapima maji kwa kidole.

Kapsuli za mwenzako wa chumbani usimtie. Hizo ni dawa za binadamu.

Tafuta ndoo ya lita 20 isiyowahi kuonja sabuni, utie lita 16 tu. Samaki huyu hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo usimzibie. Mfunike kwa wavu, maana huruka. Chumvi ya mawe vijiko 4 vya chai, ikoroge pembeni kwanza, na isipite siku 10. Si haluli, hiyo ni ya tumbo kujaa. Kila siku toa lita 4, rudisha lita 4 zenye kijiko kimoja. Maji ya bomba yalaze siku nzima humo humo chumbani, klorini itoke na joto lilingane. Robo, Zuhura. Si yote.

Yule mwekundu wako wa kidato cha pili hakufa kwa uzee. Nilitaka urudi ukute bakuli linang'aa, nikamwaga yote, nikajaza ya bombani papo hapo, asubuhi. Basi, ndivyo ilivyokuwa.

Chakula punje mbili tatu, zinazobaki zitoe. Ndoo ipandishe mezani, izungushie blanketi. Hita ndogo ya tangi ndiyo dawa hasa. Nitatuma hela mwisho wa mwezi fundi akishalipwa. Mpaka hapo, chupa ya maji moto iliyofungwa sawasawa ielee ndani, joto lipande polepole. Usimmiminie maji moto! Blanketi lako lisiwe ndilo hilo hilo, nawe ukalale na khanga.

Nakuwekea majani kumi ya mkungu wa uani, yaliyoanguka yenyewe yakakauka. Jani moja kwa ndoo. Maji yakigeuka rangi ya chai usiyamwage. Wafugaji wa beta huko Asia hutumia majani haya haya, na sisi tunayafagia kila asubuhi tukiulaani mti.

Jiko limeezekwa, limebaki bati moja ambalo fundi anasema atalirudia, nami simwamini. Bibi anauliza kama unakula. Sweta la kijivu ni la kaka yako, amelikataa, livae. Mayai ya kuku wetu yako juu, yatoe kwanza; majani yako chini kabisa, ndani ya gazeti.

Ukishapima maji nipigie, hata usiku. Usiniambie "yako sawa, mama". Nitajie namba.

Mama yako