Heri ya Krismasi, Heri ya Mwaka Mpya, Heri ya Siku ya Malango

Ndugu zangu wa Kusini, mlioko nyumbani na mliotawanyika, salamu nyingi kutoka Newala. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Huku mvua za kwanza zimeshashuka, embe zimekuwa nyingi hadi mbuzi wanazipita, na wenye mashamba wameingia kupanda bila kungoja sikukuu ipite. Kwa sisi Waislamu sikukuu si yetu, lakini sahani ni yetu. Mwenye jirani Mkristo tarehe 25 mchana haulizi nyumbani kumepikwa nini.

Na kwenu mnaofuatilia habari za Ushirika wa Miji ya Msituni, ile nchi ya kubuni ninayoisimulia barazani na wapwa zangu pamoja na vijana wa mtaani, heri ya Siku ya Malango. Nayo imefika, na mwaka huu imefika na maneno.

Kwa aliyejiunga juzi, nitaeleza kwa ufupi. Ushirika ni miji saba ndani ya msitu mmoja ambao hakuna aliyewahi kuufikia mwisho wake. Mvuleni kuna maseremala. Mpingoni kuna wachongaji na wapiga zumari. Ukindu ni wasusi, Chemchemi ndiko kwenye maji, Sandarusi wanachimba utomvu. Miwili iliyobaki, Kichakani na Magome, bado hatujaijenga vizuri na sitawadanganya. Hakuna mfalme. Kila mji una mkubwa wake, naye hurithiwa na mpwa, mtoto wa dada, kama wazee wetu walivyofanya. Hakuna jeshi la pamoja wala mji mkuu. Mambo matatu tu ndiyo yanayoendeshwa kwa pamoja: maji, njia na msiba. Mengine yote kila mtu na kwake. Mjomba wangu aliposikia neno Ushirika kwa mara ya kwanza aliweka kikombe chini akauliza, "Na hao wanakata shilingi ngapi kwa kilo?"

Nitarudi kwenye swali lake, maana si la mzaha kama lilivyosikika.

Miji hii imejificha nyuma ya vichaka vilivyosokotana. Kila mmoja una njia moja tu ya kuingilia, nyembamba kiasi cha mtu mmoja kupita na mzigo kichwani, nayo inapindapinda kabla ya kufika langoni. Magogo ya lango hushushwa kila jioni. Lakini mvua ya kwanza ya mwaka ikinyesha, magogo huondolewa katika miji yote, mchana kutwa na usiku kucha, na yeyote anapita: mgeni, mdaiwa, mtoro, hata aliyefukuzwa. Kila mji hupeleka chungu kimoja uwanjani Mvuleni. Sheria ya siku hiyo ni moja, kwamba hakuna anayekula kutoka chungu cha mji wake.

Hapo ndipo pananifurahisha mimi. Mpishi wa Mpingoni anajua kwamba mchuzi wake utaonjwa na watu wa kwingine watupu, na wa kwao hawatakuwepo kumtetea. Basi anakaa na ungo mapajani usiku mzima akichambua kunde, anatupa kila iliyotobolewa, anamkaripia binti yake kwa kutupa chache mno. Ukindu huleta ming'oko, viazi vya mwituni, iliyochemshwa kwa chumvi peke yake, kwa sababu Ukindu wana maringo, wanaamini chakula kizuri hakihitaji kusaidiwa. Chemchemi hawaleti chakula kabisa. Wanaleta maji, chungu kimefunikwa kwa majani mabichi yasimwagike njiani, na hao ndio wanaopigiwa vigelegele virefu kuliko wote.

Hilo la maji sikulitunga. Anayesimama Shimo la Mungu hapa Newala analiona bonde la Ruvuma chini kabisa. Maji yako huko, sisi tuko huku juu. Kabla mabomba hayajafika, bibi zetu walikuwa wanateremka mabondeni giza halijaondoka na kupanda na mitungi jua likiwa kali. Mjerumani Karl Weule, aliyefika hapa mwaka 1906, aliandika simulizi aliyopewa na wenyeji juu ya sababu ya kukaa mahali pakavu hivyo. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikawa mwanamke. Walipokaa karibu na mto, mtoto akazaliwa mfu. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda tena hadi kwenye kichaka cha uwanda wa juu, wa tatu akaishi. Wosia ukabaki kwamba watu wakae mbali na mabonde.

Kichaka hicho hicho ndicho kilichowaficha wengi zama za kuwindwa watumwa. Makazi yalikuwa madogo, kila moja na mkubwa wake, bila chifu mmoja wa Wamakonde wote. Kwa hiyo wanaoniambia kwamba watu hawawezi kukaa bila mfalme hata kwenye hadithi, nawaomba wakamuulize babu.

Sasa ugomvi wa mwaka huu. Mnakumbuka tulipoishia: Sandarusi wamejitoa kwenye Ushirika.

Utomvu wenyewe ni wa kweli, kwa wasioujua. Sandarusi inatoka kwenye mti wa misitu yetu ya pwani, na ile nzuri zaidi ilichimbwa ardhini mahali miti ilipokuwa zamani. Karne ya 19 ilibebwa hadi Unguja, kutoka huko ikaenda Ulaya na Marekani, hadi bandari ya Salem, kutengenezea vanishi. Katika hadithi mnunuzi ni Dola ya Tambarare. Zamani wachuuzi wa Dola walikuwa wanaingia mji mmoja mmoja, wakati wa njaa, wananunua kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Miji ikakubaliana kwamba sandarusi yote iingie ghala moja Mvuleni na iuzwe mara moja kwa mwaka kwa mnada. Bei ikapanda. Ila malipo nayo yakaanza kuchelewa. Mwenye ghala anasema bado anapiga hesabu, mwenye njia anadai sehemu yake, na mchimbaji amekaa nyumbani na karatasi mkononi huku watoto wanalia.

Hapo ndipo penye swali la mjomba, na mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuweka mazao ghalani, kupewa karatasi na kungoja mnada, ulianza kwenye korosho mwaka 2007, na sitaki kuusema vibaya, kwa sababu niliowakuta wakikumbuka walanguzi wa zamani hawataki warudi. Lakini kila msimu kangomba yupo. Anakuja usiku na pesa mkononi, anapima kwa chombo chake, bei ni ya kukera, na bado anapata mteja. Anampata kwa kuwa ada ya shule na dawa ya mtoto haviwezi kungoja mnada. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za minadani, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakapewa kazi ya kusomba. Msimu ule kila baraza lilikuwa na mchumi wake. Basi niliposimulia kwamba Sandarusi walichukua fedha taslimu za Dola, nilishangaa kusikia wasikilizaji wangu, watoto wa wakulima wa korosho, wakiwaita wasaliti.

Na kuna daraja. Dola iliwaahidi Sandarusi daraja juu ya mto unaoutenga msitu na ulimwengu. Wengi mmeniambia daraja ni mtego. Huenda. Lakini mkae mkijua wengine tunakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003. Ulikuwa unangoja kivuko, mvua ikizidi unalala njiani, na Kusini inabaki kisiwa bila kuzungukwa na bahari. Hata Mei 2024, barabara ilipokatika huko Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, ilichukua siku chache tu kwa watu kuanza kuulizana bei ya mafuta na sukari. Anayemlaumu mtu kwa kutaka daraja amezaliwa upande wenye barabara.

Kijana mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu mama yake ananifahamu, alitaka Mvuleni wakalichome daraja na kuwarudisha Sandarusi kwa nguvu. Barazani walimpigia makofi. Mimi nimekataa, na kwa kuwa kalamu ninayo mimi, itabaki hivyo. Miji iliyokubaliana maji, njia na msiba haikukubaliana kumilikiana. Mvuleni wakimrudisha mwenzao kwa panga, kuanzia siku hiyo Ushirika una mfalme, hata kama hajavaa kilemba.

Mkitaka mfano usio wa kubuni, nendeni Liwale. Msitu wa Angai ulipopangwa kuwa misitu ya vijiji, vijiji vyake vilikuwa kumi na tatu. Baadaye vikagawanyika, vikawa zaidi ya ishirini, na kila kijiji kipya kikataka mpaka wake na fungu lake. Kazi ya kupima na kuandika ikawa kama imeanza upya, watu wakachoka, wakazozana. Msitu haukukatwa vipande kwa hasira. Kule Kilwa nako, Sheria ya Misitu ya 2002 imekipa kijiji haki ya kutenga msitu wake na kuumiliki, na Kikole ni kati ya vijiji vilivyopata cheti cha FSC cha mpingo mwaka 2009, cheti kinachothibitisha kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Mpingo huo ndio unaotengenezwa klarineti na obo, ala wanazopiga Ulaya. Wapiga zumari wangu wa Mpingoni nimewatoa huko, ingawa kwenye hadithi wanapiga vibaya kidogo na hawataki kuambiwa.

Turudi uwanjani. Sandarusi wametoka, mkeka wao umetandikwa palepale pa miaka yote, kati ya Ukindu na Magome. Kila chungu kimechotwa fungu lao na kufunikwa. Mkubwa wa Mvuleni, mtu mwenye uchungu nao kuliko wote, ndiye aliyekung'uta mkeka huo mwenyewe, kwa kishindo ambacho kila mtu alikielewa.

Wengi wameniuliza mambo haya nayatoa wapi, wakidhani kuna kitabu. Nayatoa hapa mtaani. Jirani yangu Mkristo huwa anachinjiwa mbuzi wake wa Krismasi na mzee wa msikitini, kila mwaka, ili sote tule. Mzee anafika mapema mno, kabla maji hayajachemka. Kisu ni chake, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha buluu. Anamlaza mbuzi, anauliza kibla ni upande gani kana kwamba hajaswali hapo nje maisha yake yote, anapiga bismillahi, kisha kabla ngozi haijaisha kutoka ameshaanza kudai figo. Mwaka jana walizozana na mwenye nyumba juu ya mpaka wa shamba, miezi kadhaa hawasalimiani vizuri. Alfajiri ya Krismasi mzee akaja na kisu chake. Hawakuzungumza habari ya mpaka, na nijuavyo hadi leo haujaisha. Figo alipewa.

Basi salamu zangu ziwafikie wote. Mliopata malipo ya korosho, Mungu azitie baraka, na msizimalizie zote kwenye pikipiki. Ambao bado mnangoja, subira, na mkikwama semeni kwa jirani kabla ya kusema na kangomba. Mnaopanda basi pale Mbagala Rangi Tatu na mizigo mirefu kuliko nyinyi, safari njema, na mjomba anasema muache kuleta biskuti, leteni mchele. Mlioko zamu hospitalini, bandarini na kwenye mitambo ya gesi wakati wenzenu wanakula, sahani zenu zimefunikwa. Mliofiwa mwaka huu, poleni sana. Watani wetu Wayao na Wamwera, njooni, mkijua kabisa kwamba kuku mkubwa tumeshamficha.

Na Sandarusi? Walikuja. Walichelewa hadi vyungu vilipoanza kupoa, wakapita langoni wakiwa wanne, mmoja mtoto, wakabeba chungu chao kama kawaida. Ila walikipika kwa chumvi nyeupe ya Tambarare, na kila aliyeonja ameijua. Kama ni zawadi au ni tusi, hapo uwanjani bado wanabishana, na mkubwa wa Mvuleni ameomba kijiko cha pili bila kusema kitu. Tutaendelea baada ya sikukuu ya Mapinduzi, barazani palepale, wapwa wakishamaliza palizi. Atakayekuja na embe apitie kwa mbuzi kwanza.

Heri ya Mwaka Mpya.